Mkate wa Nyota

Jumamosi ya kikao nilikuwa na mafungu mawili ya mitihani ya kusahihisha, miguu imevimba, na blauzi moja tu iliyopigwa pasi. Nikavaa hiyo. Njiani nilijiambia kwamba nitasema maneno machache, nitaeleza jambo moja linalohitaji kuelezwa, kisha nirudi nyumbani nilale. Hayo ndiyo mawazo ya mtu aliyechoka, anadhani jambo likishaelezwa limekwisha.

Jambo lenyewe lilikuwa hili: wakwe wa mwanangu walitaka kumrudisha nyumbani. Nasema mwanangu, ingawa ni mtoto wa kaka yangu. Kaka na mkewe walipofariki alikuwa bado anabebwa mgongoni, na mimi shangazi yake ndiye niliyemfundisha kutembea, kusoma, na kutoandika jibu la hesabu bila kipimo chake. Nafundisha fizikia shule ya sekondari. Wanafunzi wananiita Mwalimu Kipimo, kwa sababu mtu akiniambia jibu ni tano namuuliza, tano nini, mayai? Wanadhani silijui hilo jina.

Na kosa la mwanangu, kwa maelezo ya wakwe zake, lilikuwa nyota.

Jioni ya harusi, gari lililomleta liliposimama mbele ya kiwanda cha mikate cha familia ya mumewe, naye akatoa mguu wa kwanza nje, mtu mmoja alipiga ukelele akionyesha juu. Upande wa machweo, mahali ambapo jana yake hapakuwa na kitu, palikuwa na nyota nyeupe, kali, kubwa kuliko zote. Watu wakamsahau bibi harusi wakatazama mbingu. Mama mkwe hakumsahau. Alimshika mkono, akauinua mbele ya wote, akasema, "Wanasema nyota njema huonekana asubuhi. Yetu sisi imekuja jioni, na imekuja na mkwe!" Vigelegele vya siku ile bado ninavyo masikioni.

Kwa wiki kadhaa nyota ile ilionekana hata mchana, kama tobo la sindano kwenye shuka la bluu. Redioni walieleza kwamba ni nyota iliyolipuka, na kwamba iko mbali sana. Wakwe hawakuwa na haja na redio. Walibadilisha jina la mkate. Zamani uliitwa kwa jina la ukoo, sasa ukawa Mkate wa Nyota, karatasi mpya zikachapwa zenye nyota nyekundu, na gari la kusambazia likachorwa nyota ubavuni, yenye ncha tano upande mmoja na ncha sita upande wa pili, maana mchoraji alilipwa upande wa kwanza akaenda kwanza kunywa. Mwanangu akaitwa Bi Nyota. Akipanda lile gari, anakaa mbele.

Mdomo wangu nao haukukaa kimya. Siku moja tunakunywa chai kwao, mama mkwe akasema nyota hii ni yetu maisha yote. Nikamwambia, "Mkwe, itafifia hiyo. Nyota ikilipuka hung'aa miezi kadhaa, halafu basi." Akacheka, akaniongezea sukari. Kumbe lile neno aliliweka akiba.

Ikafifia kweli. Kwanza mchana haikuonekana tena, kisha usiku ikawa nyota miongoni mwa nyota, kisha ukiambiwa uionyeshe unababaika. Miezi hiyo hiyo, ng'ambo ya mji palifunguliwa kiwanda kikubwa chenye mashine ya kukata mkate vipande na kuufunga. Wenye maduka wakakimbilia huko. Tanuri la wakwe likapata ufa, fundi akaja, akatikisa kichwa, akaondoka. Mtu yeyote mwenye macho angejua ugonjwa uko wapi: watu wanapenda mkate uliokatwa tayari. Lakini mtu anayefilisika hataki sababu ndogo hivyo. Bi Nyota akateremshwa kiti cha mbele.

Yeye mwenyewe hakuniambia kitu, au ndivyo nilivyodhani. Jumapili alikuwa akija kwangu. Anakaa jikoni kwenye kigoda, ananitazama nikiloweka miguu kwenye beseni. Namuuliza habari za huko, anajibu nzuri. Pengine anaanza, "Shangazi," nami namwambia, "Mwanangu, leo nimechoka, tutaongea." Anasema haya, anaosha vyombo, anaondoka. Nilikuwa nikimshukuru Mungu kwamba mtoto wangu hana makelele.

Basi Jumamosi ile nikafika. Mlangoni, karibu na viatu, niliona begi langu la zamani la kahawia, lile nililompa siku alipoolewa, limejaa mpaka zipu inalalamika. Nikadhani ni nguo za kufua.

Sebule yao imepakana na chumba cha tanuri, ukuta ni mmoja. Kuna kiti kimoja kinachoegemea ukuta huo, na miaka yote watu wanakigombania, kwa sababu ukikaa pale mgongo unapata joto kama umewekewa chupa ya maji moto. Siku hiyo walinipa mimi. Nilikaa, nikaegemea, nikaona mbona mgongo haupati raha iliyosifiwa, lakini mawazo yangu yalikuwa kwenye hotuba.

Walikuwepo wanne. Baba mkwe, mzee ambaye nyusi zake zimekuwa nyeupe zamani sana na hakuna ajuaye kama ni umri au unga. Mama mkwe, amejifunga mtandio kama anayekwenda msibani. Mdogo wa mzee, ambaye wote humwita Baba Mdogo, karani mstaafu, msemaji wa ukoo, simu mkononi. Na karibu na dirisha, mume wa mwanangu. Nilimpenda kijana yule tangu mwanzo. Ana mikono mikubwa ya kukandia unga na sauti ndogo, na siku alipokuja kujitambulisha aliniuliza kwa nini mkate huumuka, kisha akasikiliza jibu mpaka mwisho. Ni wachache wanaosikiliza mpaka mwisho. Mwanangu alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango, mikono mapajani.

Baba Mdogo akakohoa. "Mwalimu, sisi hatuna ugomvi na mtoto. Mtoto ana adabu zake. Lakini mwenyewe unaona. Nyota ilikuja naye, tukaipokea. Nyota imezimika, na kila kitu kimezimika nayo. Tumevumilia, tumevumilia, sasa maji yamezidi unga."

"Na unga wenyewe hakuna," mzee akasema.

"Kwa hiyo tunaomba tuachane kwa wema. Mkosi si dhambi ya mtu. Lakini hukai nao nyumbani."

Nikasimama. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza, maana mwalimu akishasimama hakai mpaka kengele ilie.

"Wakwe zangu," nikasema, "nyota ile haikulipuka siku ya harusi. Siku ya harusi ndiyo tuliyoiona. Mwanga nao ni msafiri, una safari yake. Hata jua hili, jirani yetu, mwanga wake unachukua dakika nane kutufikia. Sasa nyota ile iko mbali kiasi kwamba mwanga wa mlipuko wake umekuwa njiani miaka elfu saba. Ililipuka kabla ya mtoto huyu, kabla ya bibi yake na bibi wa bibi yake, kabla ukoo wenu na wangu haujawa na jina. Tulipokuwa tunapiga vigelegele, kule ilishakufa zamani. Na ilipofifia hapa, kule hakuna lililotokea jana wala juzi. Mtoto huyu anahusika wapi?"

Walinitazama kama kidato cha pili baada ya chakula cha mchana. Nikafanya anachofanya kila mwalimu akiona macho ya namna ile, nikatafuta mfano wa karibu.

"Chukueni mkate wenu. Mtu anaula leo asubuhi mezani kwake. Ulitoka tanurini lini? Jana. Anatafuna, anasema hawa watu wanajua kuoka. Sasa kama jana ile ile, gari lilipoondoka tu, tanuri lilizimwa, yeye atajuaje? Leo anakula. Kesho dukani kuna uliobaki, anakula. Anasifu mkate mlaini, kumbe tanuri limekwisha poa."

Pakawa kimya. Kuna kimya cha mtu kuelewa, nakijua, nimekitafuta maisha yangu yote, na hicho hakikuwa chenyewe. Mama mkwe alivuta ncha ya mtandio akafuta macho. Mzee alikuwa anatazama ukuta nyuma ya kiti changu. Hapo ndipo mgongo wangu uliponiambia kilichokuwa kinausumbua tangu nilipokaa. Ukuta ulikuwa baridi.

"Nani amekwambia?" mzee akauliza.

"Kuniambia nini, mkwe?"

"Kwamba tumezima. Tumezima jana. Hata wafanyakazi hatujawaambia, tumesema tunafanya usafi."

Nikasema pole. Nikasema sikujua, ulikuwa mfano tu. Kijana pale dirishani aliinamisha kichwa, na nikaona kwamba kwa mara ya kwanza tangu nimjue kucha zake hazikuwa na unga.

"Elfu saba?" Baba Mdogo akauliza. Alikuwa anasuguasugua simu kwa kidole gumba. "Ngoja. Ngoja kidogo. Ni kweli. Mwalimu anasema kweli, hapa wameandika hivyo hivyo. Miaka elfu saba njiani."

Nikapumua. Nilidhani tumemaliza. Kumbe mama mkwe alikuwa ndiyo kwanza anaamka.

"Mwalimu," akasema taratibu, "mimi sikusoma, lakini mkate naujua. Mkate ukitoka tanurini una duka lake. Dereva anajua anaupeleka wapi. Haupotei njia ukaangukia kwa mtu. Sasa wewe unaniambia mzigo umepakiwa kabla ya mabibi zetu, umekuwa njiani miaka elfu saba, haukufika mwaka juzi, haukusubiri mwaka kesho, umefika jioni ile ile, mkwe wangu anatoa mguu kwenye gari. Mimi nilidhani ni mkosi wa kawaida, wa kuombewa dua ukaisha. Kumbe umeandikwa tangu huko! Nani aliandika anwani, Mwalimu?"

"Hakuna anwani," nikasema. "Ule mwanga uliifikia dunia nzima. Kila mji uliuona."

"Wengine hawakuoa siku hiyo."

"Walioolewa siku hiyo ni maelfu, mkwe!"

"Na wao watakuwa na vikao vyao," akasema Baba Mdogo.

Wallahi nilitaka kucheka, na nilitaka kulia, na nilitaka kukaa chini. Nikakaa. Nilikuwa nimejipalia makaa kwa mikono yangu miwili. Nilikuja na kweli tupu mkononi, nikawakabidhi, nao wakaitumia kufunga mlango niliotaka uachwe wazi. Kabla ya mimi kuja, mwanangu alikuwa na bahati mbaya. Baada ya mimi kueleza, akawa na hatima.

"Na zaidi," mama mkwe akaongeza, akininyooshea kidole, "wewe ulijua. Ulikaa sebule hii hii, chai mkononi, ukaniambia itafifia. Ulijua inazimika na ukatuachia mtoto."

Nikageukia mtu pekee ambaye neno lake lingeweza kuokoa kitu.

"Baba," nikamwambia yule kijana, maana ndivyo ninavyomwita kwa mapenzi, "hawa ni wazee, wamesema yao. Mke ni wako. Wewe unasemaje?"

Alinyanyua uso. Alitazama mikono yake, akamtazama mama yake, akatazama dirishani. Mwanangu naye hakumtazama mumewe hata mara moja, na hata kwa hasira niliyokuwa nayo niliona hilo ni la ajabu.

"Mimi nawasikiliza wazee," akasema.

Mwanangu akasimama, kwa utulivu, kama mtu aliyesikia namba yake ikiitwa hospitalini. Akamwinamia mzee, akamwinamia mama mkwe, akasema ahsanteni kwa malezi. Kisha akaenda mlangoni akavaa viatu na kushika lile begi la kahawia. "Shangazi, twende," akasema. Ndipo nilipolielewa begi. Nguo zilikuwa zimefungwa kabla sijafika, kabla sijasimama, kabla ya mwanga na miaka yake elfu saba.

Tukashika njia. Miguu yangu ilikuwa inawaka moto, lakini sikutaka kulalamika mbele yake. Nilitaka kumpokea begi, akakataa. Kwenye duka la kona, mwenye duka alitoa kichwa dirishani. "Bi Nyota! Mkate wenu wa leo mlaini kweli, umebaki mmoja tu."

"Ahsante," mwanangu akasema, akatabasamu. "Nitawafikishia salamu."

Tulipolivuka duka nikashindwa kujizuia. Nilimwambia anisamehe, niliharibu, laiti ningenyamaza pengine wangelainika. Akasema, "Hukuharibu, Shangazi. Kulikuwa hakuna cha kuharibu."

"Tangu lini?"

Alihamisha begi mkono mwingine. "Unakumbuka ile wiki nyota ilikuwa inaonekana mchana? Siku moja wote walikuwa uani, wametazama juu, mama mkwe anagawa mikate bure. Mimi nilikuwa namtazama mume wangu. Nikamtania, nikamwambia, je, isingetokea hii nyota, ungenipenda hivi hivi? Nilitaka aseme neno moja tu la kipuuzi, tucheke."

"Akasemaje?"

"Akasema, muulize mama."

Nikasimama katikati ya njia. Mtu wa baiskeli akanikwepa akanitukana.

"Hakutania," mwanangu akasema. "Nikajua siku ile ile. Nyota inawaka mchana kweupe, nakaa kiti cha mbele kila siku, kila mtu ananiita Bi Nyota, na mimi nimeshajua hakuna mtu ndani. Nilikuwa nawasubiri nyie mjue."

Ikapita nyumba moja, ikapita ya pili. Nilikuwa nahesabu miezi kichwani, halafu nikaacha.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Nilikuja, Shangazi," akasema. "Kila Jumapili nilikuja. Ulikuwa umechoka."

Nyumbani aliingia akaliweka begi kwenye chumba chake cha zamani, ambacho nimekijaza vitabu na beseni na meza ya pasi. Nikatoa vyote upesi upesi. Nikatandika shuka. Kisha nikaenda jikoni, nikasukuma mafungu ya mitihani pembeni ya meza, nikabandika maji ya chai, nikaweka kile kigoda mahali pake, mbele ya kiti changu. Nikamwita.

Akaja, akasimama kizingitini, ameshabadilisha nguo. Alionekana mkubwa kuliko mimi.

"Njoo ukae," nikamwambia. "Niambie. Tangu mwanzo, usiruke kitu."

Alikitazama kigoda. Akanitazama mimi, kwa upole ule ule alionao tangu utotoni.

"Leo nimechoka mimi, Shangazi," akasema. "Tutaongea."

Akarudi chumbani akafunga mlango polepole, usipige kelele. Maji yalichemka nikayaepua. Nikachukua kigoda, nikakiweka nje ya mlango wake, nikakaa hapo.